Kizibao cha Mifuko Mingi na Silaha ya Siri

Ndugu msomaji, usishangae ukiona ukurasa huu leo wazungumzia kizibao. Wanavyuoni wa hadithi waliweka mlango mzima wa libasi katika vitabu vyao, wakaeleza habari za kanzu, pete, viatu na kilemba, kwani walijua ya kuwa nguo ina jambo inalolifanya kwa aliyeivaa na kwa wale wanaomwona. Nasi leo twataka kulitazama vazi moja lililoenea sana Marekani. Ni kizibao kisicho na mikono, kimejaa mifuko mbele, ndani na hata mgongoni. Huko huuzwa kwa watu wa kawaida, si askari wala wawindaji, wapate kubeba bastola ndani yake au chini yake isionekane, pamoja na tochi, kisu cha kukunja, betri za akiba na makorokoro mengine ambayo wao huyaita vitu vya kubeba kila siku.

Kizibao chenyewe si kigeni kwetu. Wazee wa pwani walikivaa juu ya kanzu, kimetiwa nakshi za uzi kifuani, na ndani yake mna kimfuko kimoja au viwili: saa ya mnyororo, na kwa baadhi yao, Mwenyezi Mungu awarehemu, tabakero ya ugoro. Kilikuwa vazi la kwendea barazani.

Hiki cha Wamarekani kina nasaba nyingine. Mvuvi mashuhuri Lee Wulff ndiye atajwaye kuwa alishona cha kwanza mwaka 1931, kwa ajili ya wale wavuao kwa ndoana hali wamesimama mtoni, maji yawafika magotini, mikono yote miwili ina kazi na hakuna pa kuweka kikapu. Hiyo ni sababu njema kabisa. Nasaba yake ya pili yapita kwetu hapa, nayo ni lile koti la mifuko la wawindaji wa Kizungu. Theodore Roosevelt alipoteremka Mombasa Aprili 1909 kwenda kuwinda bara, habari zake zilisomwa dunia nzima, na neno letu safari likazidi kuenea katika lugha yao likiwa na maana ya kuua wanyama. Miaka mingi baadaye, mwaka 1978, likaanzishwa California duka la Banana Republic, ambalo lilijipatia jina kwa nguo za namna ya safari, na miongoni mwake kizibao cha wapiga picha wa magazeti. Basi mfuko wa chambo ukawa mfuko wa filamu, na mfuko wa filamu ukawa mfuko wa risasi.

Kilichoufikisha kwenye risasi ni sheria. Zamani katika majimbo mengi ya Marekani mtu hakuweza kubeba bastola ya siri ila kwa idhini ambayo mkubwa wa polisi au hakimu aliweza kumnyima. Mwaka 1987 jimbo la Florida lilitunga sheria ya kumpa idhini kila mwenye kutimiza masharti, na majimbo mengine yakafuata moja baada ya moja, mpaka Illinois, jimbo la mwisho lililokuwa likikataza kabisa kubeba silaha ya siri, likakubali mwaka 2013. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba kuchukua silaha nje ya nyumba kwa kujikinga ni haki ya raia chini ya katiba yao. Kufikia 2024 yalikuwa majimbo 29 ambayo hayamtaki mtu mzima awe na kibali chochote ili abebe bastola ya siri. Sasa mamilioni ya watu wakipewa ruhusa ya kuficha kitu, bila shaka mafundi cherehani watapata kazi. Ndipo pakazuka biashara ya suruali, mikoba, mishipi na vizibao vya kufichia silaha.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa akaa huko, aliniletea kizibao hicho zawadi. Nilikitazama kama nitazamavyo nguo nyingine yoyote, kitambaa na mshono. Sitaki kudhulumu: kimeshonwa vizuri, uzi wake ni mara mbili, na zipu zake hazikwami. Nilihesabu mifuko 17. Niliweka miwani, kalamu mbili, tasbihi, simu, dawa zangu za sukari, na bado mifuko ikawa yanitazama kama vifaranga vinavyongojea kulishwa. Wa 18 niliugundua siku ya pili, chini ya kwapa la kushoto kwa ndani, mpana, wafungwa kwa kile kitambaa cha kunata kinachochakarika kikibanduliwa. Nilimpigia simu nikamuuliza, huu wa nini, mwanangu? Akacheka kwa haya. “Huo wa bastola, Maalim. Lakini wewe tia msahafu mdogo.” Sikutia msahafu.

Sasa tukipime kizibao hiki kwa mizani yake mwenyewe kwanza, kabla ya kukipima kwa mizani yetu. Wanaokiuza wasema kazi yake ni kuficha. Je, chaficha? Wajuzi wa mambo ya silaha huko Marekani wenyewe wamekipa jina la mzaha: kizibao cha “nipige mimi kwanza.” Maana yao ni kwamba mtu akivaa kizibao cha mifuko 18 katikati ya mji, siku ya jua kali, hali havui samaki wala hapigi picha, kila mwenye akili atajua amebeba nini, na jambazi akiingia mahali hapo atamwanzia yeye. Mahali pamoja tu kizibao hiki hakina mjadala, nako ni katika mashindano ya shabaha. Chama chao kimoja kiitwacho IDPA, kilichoasisiwa mwaka 1996, chataka washindani wawe wamefunika bastola zao kwa nguo, na wengi huona kizibao ndicho chepesi kukipeperusha. Lakini pale mezani kila mtu amjua mwenzake kuwa ana silaha! Huko ni kuficha kwa mchezo, kama watoto wacheza kibe na wote wajua nani yuko nyuma ya mlango.

Tena kuna jambo la ufundi ambalo mnunuzi hulijua akiwa amechelewa. Bastola yenye risasi zake yaweza kufika robo tatu ya kilo au kupita. Ukiitia katika mfuko wa ndani upande mmoja, kizibao chavuta bega, pindo lashuka upande huo, na mwenye kukivaa hushika hapo kila dakika tano kukirudisha. Mkono ule ushikao ndio usemao siri. Na siku ya kuitoa, mkono wa kulia wapita mbele ya kifua mpaka chini ya kwapa la kushoto, na bastola ikitoka yapita njia ile ile kurudi, mdomo wake ukielekea kwanza kwa aliyesimama ubavuni, ambaye huenda ni mke wake au mwanawe, kabla haujafika kwa adui. Na mfuko ukiwa na bastola pamoja na funguo au kalamu, kitu kile kidogo chaweza kuingia penye kifyatulio. Ndiyo maana walimu wao wa silaha husisitiza ala ngumu yenye kufunika kifyatulio, tena kuwe hakuna kitu kingine mahali hapo. Vazi linaloringia wingi wa mifuko, na mtu kuweka kila kitu popote apendapo, lapingana na kanuni hii ya kwanza kabisa.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya kusahau. Mfuko ni mahali pa kusahau, kila mmoja wetu amefua kanzu na noti ndani yake. Tazameni hesabu za viwanja vya ndege vya Marekani. Mwaka 2023 wakaguzi wa huko waliwakamata abiria wakiwa na bunduki na bastola 6,737 katika mizigo ya mkononi, na karibu 93 katika kila mia zilikuwa zimetiwa risasi. Aghalabu udhuru wao ni mmoja: nilisahau kuwa imo. Mtu aende uwanja wa ndege, mahali ambapo ajua kwa yakini kuwa atapekuliwa, naye ana silaha iliyo tayari kuua, na hana habari nayo! Huyo ndiye aliyetuambia kwamba amebeba silaha kwa sababu yeye yu macho kuliko sisi tuliolala.

Na kuna lile la Hayden, jimbo la Idaho, ambalo siwezi kulipita. Tarehe 30 Desemba 2014 mama mmoja alikuwa dukani, mwanawe wa miaka miwili ameketi katika kigari cha kununulia vitu, na mkoba wa mama u karibu naye. Mkoba ule haukuwa mkoba wowote. Ulishonwa makusudi kwa kubebea bastola, una mfuko wake maalumu wenye zipu, na alikuwa amepewa zawadi na mumewe siku chache tu kabla. Mama alikuwa na kibali na alizoea silaha tangu utotoni. Mtoto akafungua zipu. Mama akafa pale pale kwa mkono wa mwanawe, asiyejua kuua ni nini. Twamwombea mtoto yule, ambaye sasa amekua na amejua. Angalieni kwamba hapakuwa na mjinga wala mhalifu katika kisa hiki, na fundi aliyeshona zipu alifanya kazi yake sawasawa. Mtoto wa miaka miwili mfuko wa mamake ni wake, humo hutoka biskuti. Nguo na mkoba ni vitu vya mapajani, vya kukumbatiwa, vya kutundikwa msumarini, vya kutupwa kitandani mtu achokapo. Silaha siyo. Ukiitia silaha ndani ya nguo umeipa tabia za nguo, itakwenda kila iendako nguo.

Sasa tuje kwenye heshima. Wengine watasema, nyinyi Waswahili na Waarabu mwatukataza nini, na babu zenu walikuwa na majambia? Kweli, walikuwa nayo. Bwana harusi wa pwani alivaa joho na jambia, na Oman waliliweka katika bendera yao mwaka 1970, na mpaka leo wanaume huko hulivaa katika sherehe. Lakini tazama livaliwapo: mbele kabisa, katikati ya tumbo, juu ya mshipi wa fedha. Kila mtu aliona, mkubwa na mdogo, na kila mtu alijua ni nani aliyelivaa, wa ukoo gani, na ya kuwa akilichomoa bila haki ataonekana na watu wote na ataulizwa na watu wote. Silaha ile ilikuwa chini ya macho ya jamaa.

La ajabu ni kwamba Wamarekani wa zamani walikuwa na rai hiyo hiyo. Mwaka 1813 majimbo ya Kentucky na Louisiana yalikataza kubeba silaha za siri, na mwaka 1850 mahakama kuu ya Louisiana ikasema waziwazi kwamba haki ya raia ni kubeba silaha kwa kuonekana, na kwamba kuificha kwamfaa mwenye kuotea wenzake. Mwanamume wa heshima aliionyesha, na aliyeificha alidhaniwa kuwa muuaji au mlaghai wa kamari. Leo mambo yamepinduka. Katika miji yao mingi mwenye kuning'iniza bastola nje huonekana mtu wa vitisho, na aliyeificha ndiye mwenye adabu.

Hoja hii ya adabu yafaa kujibiwa kwa uadilifu, kwani ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Wao wasema: twaificha ili tusiwatishe watoto na wanawake sokoni, je hiyo si huruma? Twasema, nia hiyo ni njema. Lakini turejee kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, jinsi alivyomwamuru mtu apitaye na mishale msikitini au sokoni. Imo katika Bukhari na Muslim. Hakumwambia aifunike kwa nguo watu wasiione. Alimwamuru azishike ncha zake kwa mkono wake, asije akamjeruhi Mwislamu. Maana yake, ndugu msomaji, ni kwamba taabu ya silaha aibebe mwenye silaha, mkono wake ushughulike nayo muda wote apitapo katikati ya watu, na ikichoma imchome yeye. Kizibao cha mifuko 18 kimetungwa kwa kusudi lililo kinyume cha hapo: mikono iwe mitupu, mtu asihisi kitu, asahau. Starehe ni ya mwenye kubeba, na hatari wameigawana wote waliomo sokoni bila ya kuulizwa.

Hatusemi mtu asijikinge. Kupigania nafsi na mali ni haki katika sheria yetu, na mwenye kuuawa katika hilo ana daraja yake. Wala hatukatai kuwa silaha ya siri imepata kuokoa watu. Tarehe 17 Julai 2022, huko Greenwood, Indiana, muuaji alianza kufyatua risasi katika jumba la maduka, akaua watu watatu, na kijana wa miaka 22 aliyekuwa na bastola yake akamwangusha kwa muda mfupi mno. Bila yeye wangekufa wengi. Nairobi pia, tarehe 21 Septemba 2013, raia wenye vibali waliingia Westgate na bastola zao wakiwa na askari wasiovaa sare, wakawatoa watu wengi. Mashujaa hawa hatuwapunguzii sifa yao.

Lakini kuna na upande wa pili. Arvada, jimbo la Colorado, Juni 2021, mtu mmoja alimuua polisi mchana kweupe. Raia aliyekuwa karibu akatoa bastola yake ya siri akampiga muuaji yule, kisha akaiokota bunduki ya muuaji. Polisi mwingine akatokea, akamwona mtu asiye na sare ana bunduki mkononi, akamuua. Mwokozi kauawa na wale aliowaokoa. Unamlaumu nani? Nguo za wote wawili zilikuwa nguo za njiani tu, na risasi haingoji maelezo.

Tena si haki kukilaumu kizibao chote kwa ajili ya mfuko mmoja. Miongoni mwa wabebao vitu vya kila siku wapo wabebao bendeji na ule ukanda wa kukaza kiungo kinachotoka damu nyingi, na tangu 2015 Wamarekani wamekuwa na kampeni ya kuwafundisha watu wa kawaida kuutumia. Hilo ni jambo la kuigwa hapa kwetu, ambako ajali ya pikipiki ni ya kila siku na watu husimama kutazama tu, au kupiga picha. Mwenye mfuko wa bendeji naye anafikiri juu ya siku mbaya, lakini afikiri juu ya damu ya mwenziwe. Nadhani katika maisha ya mtu atakutana na aliyejeruhiwa mara nyingi kuliko atakavyokutana na wa kumpiga risasi.

Limebaki la misikiti, nalo ndilo lililonifanya niandike, kwani mwanafunzi wangu yule ameniuliza, na najua hayuko peke yake. Waislamu walio Marekani na nchi za Magharibi wana khofu, na khofu yao ina sababu. Januari 2017 waliuawa watu 6 wakiwa msikitini Quebec. Agosti mwaka huo huo msikiti wa Bloomington, Minnesota, ambao Wasomali wengi husali hapo, ulitupiwa bomu. Machi 15, 2019, siku ya Ijumaa, waliuawa watu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch. Mtu aliyesoma hayo, akaenda kusali na wanawe, akaona mlango u wazi, simlaumu akiwaza juu ya mfuko wa 18.

Lakini sala ya khofu mmeisoma, na wanafunzi wangu niliwasomesha kwa kuwapanga safu uani. Waumini wakiwa mbele ya adui, kundi moja lasimama na imamu na kundi jingine lalinda, kisha hupokezana. Walinzi wajulikana, na zamu yao yajulikana. Hakuna katika mpangilio ule mtu aliyejificha katikati ya safu na silaha ambayo imamu wake haijui. Sasa fikiri safu ya Ijumaa ambamo watu tisa wamebeba bastola ndani ya vizibao, kila mmoja kwa siri yake, hakuna amjuaye mwenziwe. Ukisikika mlio nje, hata wa gurudumu la gari, wote tisa watainuka na kuelekezana. Na katika sujudi kizibao hufunguka, kilichomo kikaning'inia au kikaanguka mkekani, na nyuma ya safu ile pana watoto, nao tabia yao twaijua, kijukuu hupanda mgongoni mwa babu akiwa kasujudu na kuchezea alichokiona.

Kwa hivyo jawabu langu kwa walioniuliza ni hili. Ikiwa kamati ya msikiti yaona pana hatari, na sheria ya jimbo yaruhusu, na waweke mlinzi aliyefunzwa, avae sare, asimame mlangoni, na wakati wa sala asisali na jamaa bali asali baada yao na mwenziwe akamshikia zamu. Polisi wa mtaa wajulishwe jina lake na sura yake. Wengine wote waache silaha zao nyumbani ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, si ndani ya gari, kwani magari huvunjwa. Na yule aliyesema kwamba atakitundika kizibao chake kwenye misumari ya viatu hapo mlangoni mpaka amalize kusali, huyo nimekwisha mpigia simu.